Fundi Aliyeikata Mipira ya Theluji

Nyie vijana mtakaosoma haya, someni taratibu. Nawajua: mnasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, kisha mnasema mmeelewa. Hii haielewiki hivyo. Mie mwenyewe sikusoma sana. Nilihitimu msahafu, nikakaa skuli miaka minne hapa hapa Jeddah, nikaolewa. Ninayoandika ni niliyoyaona, na mengine ni niliyoyafanya, na nimechoka kuyabeba.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa mipira ya gari pale mtaa wa Ruwais. Jina lake nalijua, na kwao nakujua, lakini hakuna aliyemwita kwa jina. Waarabu walimwita muallim, kama wanavyomwita kila mwenye ufundi mkononi. Sisi wa Unguja tulimwita Fundi. Mkewe, Mungu amrehemu, naye alimwita Fundi, hata akiwa na hasira naye. Basi na mie nitamwita hivyo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mlango wa bati wa kukunja juu, chini ya nyumba iliyoliwa na chumvi ya bahari. Huku duka la pancha wanaliita banshari. Nje palikuwa na pampu ya upepo, beseni la maji meusi la kutafutia tundu, na kreti la soda lililopinduliwa ambalo ndilo lilikuwa kiti chake. Nyuma palikuwa na kiuwanja kidogo chenye ukuta, na huko hakupeleka wateja. Mie nilifika kwa sababu nilikuwa nikimpelekea mkewe mkate wa kumimina, na mlango wa jikoni kwao ulifungukia kwenye kiuwanja hicho.

Alikuwa mtu wa ulimi mkali. Mteja akija na gari akasema anataka kubadilisha mpira mmoja, Fundi alizunguka gari yote kwanza, akibonyeza kila mpira kwa ukucha wa gumba na kuunusa. Ubavu wa mpira aliusoma kama mtu anayesoma barua ya posa, neno kwa neno, akirudi nyuma pale pasipomridhisha. Pana namba nne ubavuni zinazoonesha wiki na mwaka mpira ulipotengenezwa. Siku moja mtu alimletea mipira aliyoinunua kwingine, bado ina karatasi, akamtaka aifunge tu.

"Hii mipya, Fundi. Tazama karatasi."

"Mipya kwako. Yenyewe ina miaka sita. Imekaa ghalani inapigwa joto, wewe unaifanyia harusi."

Hakuifunga. Mtu aliondoka akimtukana kwa Kiarabu, Fundi akamwitikia salamu, kama vile ameagwa vizuri.

Mwengine alikuwa bwana mmoja wa mtaa wa Aziziya, kanzu nyeupe pe, mtu wa ofisini. Aliambiwa mipira yake imekwisha, akacheka, akasema injini yake ni mpya na gari yake ina nguvu. Fundi akamwambia achutame. Yule bwana akadhani anaoneshwa kitu chini ya gari, akachutama. Fundi akamshika mkono, akaubandika kiganja chini kwenye saruji yenye grisi, akachukua chaki akauzungushia.

"Gari yako inagusa ardhi mahali pa ukubwa huu, mara nne. Injini iweke pembeni. Mkeo na wanao wamekaa juu ya viganja vinne."

Yule bwana alitazama mkono wake ulivyochafuka, akatazama kanzu. Nikasema hapa patakuwa na kesi. Lakini alinunua mipira minne, na tangu siku ile akawa analeta ndugu zake wote.

Na huyo huyo Fundi pikapu yake mwenyewe ilikuwa na mipira minne ya aina nne, mmoja wao kipara kama yai. Mganga hajigangi, nilimwambia. Alinijibu kwamba pikapu yake haipiti mtaa wa pili, na akifa nayo atakufa kwa uzembe wake, si kwa uzembe wa mteja. Sikuona kama hilo ni jibu, na bado sioni. Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Aliogopa baridi kupita mtu yeyote niliyemjua. Januari ya Jeddah, ambayo watoto wanachezea fulana, yeye alivaa sweta la sufu na kujifunga kilemba masikioni. Kiyoyozi hakukitaka hata Julai, alisema kinampa kichomi.

Kucheka nilimwona mara chache. Mara moja ni kwa sababu ya binti wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi za ndani nyumba ya pili, akimtunza mama mzee wa Kiarabu aliyepooza. Alikuja akisukuma kiti cha magurudumu kitupu, anahema.

"Shikamoo, Mzee. Hii kiti ya nyanya imeisha hewa. Madam amesema nirudi saa hii hii."

"Marahaba. Kiti cha bibi, mwanangu. Nyanya tunatia mchuzini."

"Kwenu mnamtia mchuzini, Mzee. Kwetu tunamtunza."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Akaziba tundu, kisha akageuza kiti na kutoa gurudumu la upande wa pili, ambalo halikuwa na neno. Yule binti akaanza kubabaika, anasema madam, madam. "Madam atangoja," Fundi akasema. "Nikitengeneza moja, kiti kitakwenda upande, na bibi ataanguka mikononi mwako. Hapo madam atakuuliza wewe, si mie." Tangu hapo kila mwezi alimwambia akilete kiti akipime upepo. Madam alipomrudisha yule binti kwao Kenya, binti alipita kumuaga, na Fundi alishinda kutwa hasemi na mtu.

Sasa nije kwenye theluji, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Theluji hakuwahi kuiona. Aliijua kwa njia ya bandari. Kuna magari yaliyotumika yanayoletwa huku kutoka nchi za baridi, na mengine huteremka yamevaa bado mipira ya huko. Wanunuzi huifurahia, kwa kuwa ni minene na kashata zake, yale meno yanayokanyaga njia, zina kina. Fundi ndiye aliyekuwa akiwavulia. Alinionesha siku moja pale kiuwanjani, mie nimeshika sahani ya mkate. Mpira wa theluji umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi, pale mpira wetu unapogeuka jiwe. Kashata zake zimechanjwa mikato midogo midogo kama ya wembe, na mikato hiyo ndiyo inayong'ang'ania barafu. Ubavuni una alama ya mlima wa vilele vitatu, na chembe ya theluji ndani yake. Uzuri wote huo, alisema, ukiuleta juu ya lami ya Jeddah mwezi wa saba, unageuka. Mpira unalika kama sabuni, unapata moto, na ukiongezewa mwendo, mzigo na uzee, unapasuka.

Kisha akachukua kisu kifupi cha mpini wa mbao akaukata ubavuni, mkato mrefu, akausukumia ukutani.

"Si ungeutupa tu?" nikamuuliza.

"Nikiutupa mzima, ataokota mtu."

Ilikuwa ada yake. Hakuna mpira wa theluji uliotoka kwenye kiuwanja kile bila mkato. Watu wa nje hawakujua. Walichojua ni kwamba Fundi ana mipira ya theluji nyuma ya duka, kwa kuwa waliiona ikivuliwa. Ikikatwa niliiona mie.

Mjukuu wangu Rahma, niliyemlea kwa mikono hii, alifuatana na mumewe kwenda kuishi Kanada. Mwaka wa kwanza walipanda mabasi. Mwaka wa pili wakanunua gari iliyotumika, na siku ya kwanza ya barafu gari ikamteleza Rahma, ikavuka njia panda nzima peke yake na taa nyekundu ikiwaka. Hakugongwa. Alinipigia analia, nami nikachukua simu nikaenda nayo Ruwais, nikamkabidhi Fundi. Aliishika mbali na uso, kama mtu aliyeshika kaa.

"Fundi, shikamoo. Ni Rahma."

"Marahaba. Umenenepa au ni koti?"

"Koti, Fundi."

"Haya, nioneshe mipira."

Rahma akatoka nje, na sisi tukaona theluji kwa mara ya kwanza tukiwa tunatoka jasho. Akaweka simu karibu na gurudumu. Palikuwa na herufi, M na S. Muuzaji kamwambia hiyo ni mipira ya misimu yote, inatosha. Fundi akamwambia herufi hizo, za Kiingereza cha tope na theluji, ni ahadi tu ya tope, atafute alama ya mlima na chembe ya theluji, asipoiona asinunue. Hapo mume wa Rahma akaingiza kichwa.

"Fundi, gari yetu inavuta kwa mbele. Tukitia miwili ya theluji mbele, hii ya zamani ikabaki nyuma, si yatosha?"

"Bwana mkubwa, mbele itashika na nyuma itakupita. Utauona mgongo wako mwenyewe. Minne."

"Na ile yenye misumari ya kukamata barafu? Huku wanairuhusu."

Fundi akaanza na maswali. Alimuuliza Rahma anaenda wapi na saa ngapi. Rahma akasema kazini kutunza wazee, alfajiri, mjini kwa mjini. Akamuuliza njia hiyo alfajiri ikoje, nyeupe au inang'aa. Rahma akasema mara nyingi imeshakwanguliwa, siku chache inang'aa kama kioo. Fundi akasema basi misumari haina haja, achukue isiyo na misumari lakini iliyo laini kweli, abonyeze kwa ukucha kabla ya kulipa, asome na zile namba nne asiuziwe mikongwe. Asome karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa gari, na katika vipimo vinavyokubaliwa pale achukue chembamba, kwa kuwa mpira mwembamba unazama theluji mpaka ukaikuta njia, na mpana unapanda juu yake. Apime upepo kila wiki, baridi inaula.

"Na joto likirudi uitoe," akasema. "Usiionee huruma. Uiweke pahala pa kivuli mpaka baridi nyengine."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia kwa masikio yangu, nimesimama karibu naye kama ninavyokaribia karatasi hii. Nayaandika ili msije mkasema Bibi hakuambiwa.

Rahma akanunua mipira hiyo. Akanipigia tena baada ya wiki, anacheka, anasema, "Bibi, gari inasimama. Nikiiambia simama, inasimama." Mie nikashika hilo tu moyoni. Kwamba kuna mpira bora kuliko yote, na mjukuu wangu anao.

Baridi ile ile nilikwenda Riyadh kwa mwanangu Saidi. Nyie wa Riyadh mtanicheka. Sisi wa Jeddah baridi yetu ni ya kusimuliwa. Tukifika Riyadh mwezi wa kwanza tunaona tumefika mwisho wa dunia. Asubuhi moja nilitoka uani kutawadha nikakuta maji ya ndoo yameshika ngozi juu, nikaigusa ikavunjika. Barafu. Na Saidi anatoka kwa gari kila alfajiri, na Zuwena mkewe na watoto watatu nyuma, awashushe skuli. Sikupata usingizi mzuri tena nyumba ile.

Niliporudi Jeddah nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi. Bahati mbaya au nzuri, siku hiyo kavua minne ya theluji, ipo kiuwanjani, bado mizima.

"Fundi, hii mipira niwekee ya Saidi."

"Saidi yupi?"

"Mwanangu wa Riyadh. Kule maji yanaganda."

"Yanaganda wapi?"

"Kwenye ndoo. Nimeyaona."

"Saidi anaendesha gari ndani ya ndoo?"

Sikucheka. Nikamwambia asinifanyie maskhara, mipira hii ameisifu mwenyewe mbele yangu. Akasema ameisifu kwa Kanada. Akasema Riyadh ina baridi ya asubuhi saa mbili tatu, na lami kavu, halafu Riyadh ina Julai. Nikamwambia mwanangu atajua mwenyewe lini aivue. Akanitazama, akaona sitaondoka. Akachukua kile kisu akaikata yote minne mbele ya macho yangu, mmoja baada ya mmoja, hana haraka.

"Umenivunjia heshima, Fundi."

"Heshima utaikuta nyumbani, Bi Mkubwa. Saidi hutampata dukani."

Niliondoka nimekasirika. Huu ndio ubaya wangu, nauandika: mie nikikatazwa, naona nimedharauliwa. Siku ile ile nikampigia Saidi nikamwambia akatafute mipira ya namna hiyo huko huko Riyadh, kwenye tashlihi, yale mabustani ya magari mabovu yanakouzwa vipande vipande. Nikamwelezea alama ya mlima na chembe ya theluji, kama nilivyofunzwa. Saidi akasema, "Mama, sidhani kama inahitajika." Nikamwambia sikumuuliza anadhani nini. Akaipata, minene, akaifunga. Zile namba nne sikumwambia azisome.

Ilipokaribia likizo kubwa, wakawa wanajitayarisha kuja Jeddah kwa gari. Saidi akanipigia akasema, "Mama, hii mipira niibadilishe? Joto limeanza." Nikamuuliza imekwisha? Akasema bado, kashata nene kabisa. Nikasema basi iache, kitu kizima hakitupwi.

Walipasukiwa na mpira wa nyuma jangwani, kabla ya kufika Taif, saa nane mchana. Gari ikatoka nje ya lami ikapinduka mara moja ikasimama. Watoto walikuwa wamefungwa mikanda, hawakuumia zaidi ya michubuko. Saidi alivunjika mkono. Zuwena alivunjika nyonga. Mpaka leo anatembea kwa mkongojo, na ana miaka thelathini na tisa.

Wakaletwa hospitali Jeddah. Chumba cha kungojea kikajaa watu wetu, mnavyojua tulivyo, kila mtu na birika lake la chai. Mtu mmoja akasimulia kwamba askari wa njiani kasema mipira ilikuwa ya theluji. Wote wakashangaa. Mama mmoja wa Aziziya, shoga yangu wa siku nyingi, akaniuliza, "Mipira ya theluji, huku? Kaitoa wapi?"

Nikasema, "Anayejua habari za mipira ile ni Fundi."

Ni hayo tu niliyosema. Nimeyahesabu maneno hayo mara nyingi, na hakuna la uongo hata moja. Nilisema nusu, watu wakamalizia. Walijua Fundi anavua mipira ya theluji na kuiweka nyuma ya duka. Saa ya magharibi ilikuwa imeshakuwa habari: Fundi kamuuzia Saidi mipira ya kizungu iliyokwisha muda.

Siku ya pili akaja mwenyewe, kachukua machungwa, kavaa shati la Ijumaa. Alisimama mlangoni akatoa salamu. Walioitikia ni wawili. Yule shoga yangu akageuza uso ukutani. Fundi akatazama watu, kisha akanitazama mie. Alikuwa anangoja. Mtu mmoja tu chumba kile alikuwa amemwona akiikata ile mipira. Mie nikatoa simu mkobani nikaitazama, nayo haikuwa imelia.

Aliweka machungwa juu ya kiti, akaondoka.

Mtaniuliza Saidi je. Saidi alijua nani aliyemwamrisha. Alinyamaza kwa kuniheshimu. Mie nilinyamaza kwa woga: Zuwena alikuwa anakuja kulala kwangu miezi, nimuogeshe, nimgeuze ubavu kwa ubavu, na niliogopa atanitazama vipi. Basi nikamuuguza vizuri sana. Kila mtu alinisifu kwa hilo.

Fundi hakujitetea. Kwenye harusi moja, yule shoga yangu alisema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Yule mzee anauza mauti," na mie nikaendelea kula biriani. Watu wetu wakaacha kwenda kwake. Yule bwana wa kanzu na ndugu zake wakasikia, wakaacha. Walibaki Wayemeni na Wamisri wa mtaani ambao hawakuwa na habari zetu, kisha na wao wakapungua, kwa kuwa duka tupu halimvuti mtu. Mkewe akafariki katika mwaka huo. Nilikwenda mazikoni nikakaa na wanawake wa mwisho mlangoni. Baada ya miezi akafunga mlango wa bati, akahamia mtaa wa Nuzha kwa binti yake.

Ikapita miaka minne hatujaonana. Ningeiacha ikapita mingine. Lakini juzi Rahma akanipigia.

"Bibi, nipe namba ya Fundi, ile ya zamani haipatikani. Nataka nimuulize kama mipira yangu niibadilishe baridi hii au inavumilia."

"Kaulize dukani huko kwenu."

"Dukani wanataka kuniuzia. Fundi hataki kuniuzia."

Habari za hospitali hazijamfikia Rahma, nilihakikisha hazimfikii. Nikakaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Kisha nikavaa abaya nikaita teksi.

Binti yake alinifungulia, akaniamkia kwa adabu, akanionesha barazani. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kavaa sweta, na miguu imevimba. Figo, binti yake akaniambia pembeni. Macho pia yamepungua. Akanijua kwa mwendo.

"Bi Mkubwa. Bado unakanyaga kama unadai kodi."

Nikakaa. Nikaanza na la Rahma, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Akauliza mipira ina baridi ngapi. Nikasema hii itakuwa ya sita. Akauliza anaitoa joto likirudi? Nikasema anaitoa, anaiweka chini ya nyumba, pahala pa giza. Akatikisa kichwa, ameridhika.

"Mwambie abonyeze kwa ukucha. Ukucha ukizama, na kina cha kashata kikiwa bado, aende nayo baridi hii, mwakani abadilishe. Ukucha ukikataa, asingoje. Kina kisimdanganye. Mpira wa theluji ukishakuwa mgumu umekufa, hata ukiwa mnene."

Nikasema nitamwambia. Binti yake akaleta kahawa akaondoka.

"Fundi, ile mipira ya Saidi."

"Najua ile mipira ya Saidi."

"Uliikata mbele yangu. Halafu mie nikamtuma akanunue mingine."

"Najua. Nani mwengine angemtuma? Saidi hana akili ya kutafuta mlima wenye chembe ya theluji. Hiyo niliisema mbele yako."

"Mbona hukusema, siku ile hospitali?"

Akasugua goti.

"Nilitaka kusema. Nikamfikiria yule mwanamke aliyevunjika. Anakwenda kulala nyumbani kwa nani? Kwako. Nikisema, atauguzwa na wewe huku anakuchukia. Nikasema apone kwanza. Alipopona, mie nilikuwa sina mteja wa kumwambia." Akanywa kahawa. "Na nilikuwa nangoja wewe. Nilingoja sana, Bi Mkubwa. Mke wangu kafa anaulizwa sokoni kama mumewe bado anaua watu."

Hilo nilikuwa silijui. Nikamwambia nimekuja kutaka radhi, anisamehe kwa ajili ya Mungu, sote tumeshakuwa watu wa kwenda. Nilisema kwa kirefu. Akaniacha nimalize.

"Unataka radhi ya hapa barazani, mie na wewe, tukinywa kahawa."

"Nataka unisamehe."

"Jina langu hukulivunjia hapa. Ulilivunja pale penye watu. Ukilitengeneza hapa, ndiyo umeziba gurudumu moja, kiti kitakwenda upande." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kulala. "Nimechoka, usidhani nakukomoa. Nenda."

Nikamuuliza, nikisema mbele ya watu, atakuja? Akasema hana nguvu ya kutazamwa. Halas, yaani basi, alisema, na akafumba macho, nami nikajua nimepewa ruhusa ya kuondoka na si zaidi.

Nilirudi nyumbani kwangu, ambako Saidi na Zuwena walibakia tangu ajali, wakiwa wanaandaa chakula cha usiku. Zuwena alikuwa amekaa anachambua mchele wa kesho, mkongojo kauegemeza magotini. Saidi amelala na simu. Sikukaa. Nikasema yote, tokea ndoo ya Riyadh mpaka hospitali, nimesimama na abaya yangu. Saidi akanyanyuka, akasema, "Mama, basi, yamepita hayo." Nikamwambia akae.

Zuwena hakuacha kuchambua mchele. Mikono ilikwenda yenyewe. Akasema, "Miezi yote ile ulipokuwa unaniogesha, Mama, nilikuwa nikikuombea dua."

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

"Sijui sasa dua hiyo niifute au niiache ikae." Akasukuma sinia. "Na yule mzee nimemlaani kila nilipopanda ngazi."

Sikumwomba anisamehe, kwa kuwa nilishaambiwa mchana ule radhi inaombwa wapi. Nikavua abaya, nikawaita na watoto kutoka chumbani, wote watatu, wakubwa sasa, nikawapanga pamoja na baba yao. Nikawaambia hivi:

"Ijumaa mtapika pilau ya watu wengi. Mtamwalika kila aliyekuwa hospitali na kila aliyekuwa kwenye harusi ile, na yule shoga yangu wa Aziziya awe wa kwanza. Msiseme ni ya nini. Binti yake Fundi mtamfuata kwa gari, mtamkalisha mbele, ili akamsimulie baba yake. Watu wakishakula, mlango ufungwe, asitoke mtu. Na nikisimama kusema, asinyanyuke hata mmoja wenu kunitetea."